Nusu Kikombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi hadi orofa ya nne nikiwa na themosi ya chai, vikombe vinne na pakiti ya sukari, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mshauri hamwandalii mteja chai. Mimi ni mtu wa Kinoo. Kwetu mtu akivuka kizingiti anapewa kitu cha moto mkononi, awe amekuja kuomba kura au kugombania mpaka wa shamba. Sasa mtu anakuja na huzuni ya miaka mitatu, nimpokee vipi na mikono mitupu?

Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike jinsi mtu mwenye wasiwasi au sonona anavyoweza kubadilika kwa kukaa kwenye kiti na kuzungumza. Mercy ndiye aliyenisukuma zaidi. "Usituletee mambo ya vitabu, madam," aliniambia. "Tuambie ile kitu yenye ulijionea." Haya basi, Mercy. Naandika kwa kalamu, na mkiona mwandiko unapanda na kushuka wenyewe, sababu yake nitaifikia.

Ofisi yetu ya zamani ilikuwa chumba kimoja katikati ya jiji, juu ya duka la sare za shule. Lifti ilikuwa imekufa kabla sijaajiriwa na ilikuwa bado imekufa siku tuliyohama. Lile kochi la kwenye sinema hatukuwahi kuwa nalo. Tulikuwa na viti viwili vya plastiki, meza, karatasi za shashi, na saa niliyoitundika nyuma ya kichwa cha mteja ili niitazame bila yeye kuniona. Orofa ya tano palikuwa na kanisa lenye maombi ya saa saba mchana, na dari yetu ilikuwa nyembamba. Siku moja mama mmoja alininong'oneza kwamba labda makosa yote ya ndoa yake ni yake mwenyewe, na dari ikajibu kwa sauti mia moja: "Ameen!" Tulitazamana. Akacheka mpaka akatokwa na machozi, na naamini kicheko kile kilimfaa kuliko chochote nilichosema saa hiyo.

Mteja wangu wa kwanza kabisa nilimpa ushauri. Nilimpa saa nzima, bila kupumua: alale mapema, amsamehe dada yake, ajiunge na chama, amwombe Mungu. Alinishukuru sana, akaninywea chai yote, na hakurudi tena.

Msimamizi wangu aliitwa Bi Akinyi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kama muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili kabla ya kugeukia ushauri, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Kila Ijumaa alikuja tukae, nimsimulie kazi ya wiki. Nilipomweleza kuhusu yule mteja aliyepotea, aliuliza kama ushauri wangu ulikuwa mzuri.

"Mzuri sana," nikasema.

"Ndiyo maana hajarudi. Ushauri mzuri anao nyumbani. Shangazi zake humpa bure."

Aii, nilikasirika! Nilikaa na hasira ile hadi Jumatatu, nikijiambia kwamba huyu mama hajui watu wa huku kwetu. Lakini Jumatatu nilifunga mdomo na kumsikiliza mtu hadi mwisho, na Jumatatu iliyofuata mtu huyo akarudi. Nikaanza kumheshimu Bi Akinyi kwa shingo upande.

Alikuwa na tabia moja iliyonitoa jasho. Ukianza kusema "nilimwambia hivi, naye akanijibu vile," alikuinulia kiganja. "Usinisimulie," alisema. "Nionyeshe." Hapo ilibidi usimame, yeye awe mteja, wewe uwe wewe, na umfanyie yale uliyomfanyia mteja, hatua kwa hatua, hata namna ulivyofungua mlango. Mnajua jinsi mtu mzima anavyoona haya kuigiza mbele ya mkubwa wake. Nimewafanyia nyinyi jambo hilo hilo miaka yote, na najua mmeninung'unikia. Mlikuwa na haki ya kunung'unika. Sasa sikieni lilikotoka.

Mtu nitakayewaeleza nitamwita Wafula. Si jina lake. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alisema niweke jina lake kamili na la babake juu, lakini desturi ya kazi ni desturi. Aliletwa na mkewe, Nekesa, kutoka nyumbani kwao Satellite. Alikuwa na miaka arobaini hivi, na alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja kubwa mjini, kazi aliyoifanya tangu akiwa kijana na kuipenda. Alikaa pembeni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Madam, mimi si mgonjwa," alisema. "Shida ni hii mikono."

Akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa imetulia tuli.

"Sai imetulia," akasema, "juu ya vile hakuna mgeni mezani."

Ilianza hivi. Babake alifariki huko magharibi, akaenda kuzika, akarudi kazini kabla machozi hayajakauka. Wiki hiyo hiyo alipeleka chai kwenye meza ya wageni sita. Mkono ukatetemeka, chai ikamwagikia shati la mgeni, na mgeni akapaza sauti ukumbi mzima usikie: "Nani ameruhusu mlevi ahudumie watu?" Wafula hajawahi kuonja pombe. Ni mzee wa kanisa. Maneno yale yalimwingia yakakaa.

Tangu siku ile akawa anaitazama mikono yake kabla ya kila meza, na mnajua mkono unaotazamwa hufanya nini. Akaanza kushika trei kwa mikono miwili. Akaanza kujaza vikombe nusu. Akabadilishana meza na wenzake ili apate wageni wawili wawili, kisha akaomba apelekwe jikoni kuosha vyombo, kisha hata huko akashindwa kufika. Mkubwa wake, ambaye kusema kweli alimvumilia, alimpa likizo ndefu yenye sharti moja: ikiisha, arudi ukumbini kuhudumia, au asirudi kabisa. Alipofika kwangu zilikuwa zimebaki wiki saba, naye alikuwa ameacha kutoka kitandani.

"Amelala akiangalia ukuta," Nekesa aliniambia. "Hata chai hataki, madam. Na huyu ni Mluhya, watu wa chai!"

Tulicheka sote watatu, yeye kidogo kuliko sisi. Nikamimina chai. Nilimwona anavyokiangalia kikombe, jinsi jasho lilivyomtoka juu ya mdomo, na moyo wangu ukamwonea huruma. Nikamtilia nusu. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa, na hakuna tone lililoanguka. Nikajiambia, Wanjiku, wewe una upole wa kuzaliwa nao.

Wiki za kwanza tulishughulikia kile kitanda. Sonona ina uongo wake mmoja ambao nimeusikia kwa matajiri na maskini: ngoja kwanza upate nguvu, ndipo uinuke. Wafula aliusema kwa Kiswahili chake. "Nikiskia poa, nitatembea."

"Tembea kwanza," nikamwambia, "halafu uniambie umeskia aje."

Nilimpa daftari la hesabu, lile la miraba, kifaa changu nilichokipenda kuliko vyote. Aliandika kila saa amefanya nini, na kando yake alama ya moyo wake, kutoka sifuri hadi kumi. Hakuamini hata kidogo. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, mtu wa kupanga visu na uma, kwa hivyo aliandika. Wiki ya pili alileta ukurasa akaniwekea kidole. Alitembea hadi Kawangware kununua sukuma wiki; kabla ya kutoka aliandika mbili, aliporudi akaandika nne.

"Nne si kumi," alisema.

"Lakini si mbili," nikasema.

Alikaa akiitazama ile nne. Sikumwambia chochote cha hekima, kwani ningeharibu. Wiki ya tatu alikuwa amenyoa ndevu na kurekebisha banda la kuku la Nekesa, na alama zake zilikuwa zinafika sita bila mimi kuziomba. Nilimshukuru Mungu kwa daftari la miraba, na sitanii.

Mikono ndiyo iliyokataa. Nilimfundisha kupumua polepole. Nilimwambia afanye mazoezi ya trei nyumbani, akafanya, na kila wiki nilimkaribisha kwa chai, nusu kikombe, naye akainywa bila kumwaga. Nikadhani tunaenda vizuri. Wiki ya nne nikamwambia tuanze kuongea kuhusu kurudi ukumbini. Mikono ikaanza kutetemeka palepale, hapakuwa na mtu ila mimi.

"Siwezi, madam. Aki siwezi. Nitamwaga."

Zilikuwa zimebaki wiki nne. Ikiwa kazi ile ingepotea, nilijua atarudi kwenye ule ukuta, na safari hii daftari halingemtoa.

Ijumaa nilimpelekea Bi Akinyi shida hiyo. Nilianza: nilimwambia hivi, nikamfundisha vile. Kiganja kikainuka. "Nionyeshe."

Akatoka nje, akabisha mlango, akaingia, akakaa pembeni mwa kiti kama nilivyokuwa nimemweleza. Nikamsalimia. Nikachukua themosi, nikamimina chai, nikamsogezea.

Bi Akinyi alichungulia ndani ya kikombe.

"Kwa nini nusu?"

"Ili isimwagike."

"Nani alikwambia itamwagika?"

Juu yetu watu walikuwa wakiimba, na mimi nimesimama na themosi mkononi kama aliyefumaniwa.

"Umekuwa ukimtilia nusu tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Basi kila wiki, kabla hujasema neno, umekuwa ukimwambia kwamba mikono yake haiwezi." Hakulisema kwa ukali. "Mgeni yule alimwambia mara moja. Wewe umemwambia mara nne, tena kwa upendo."

Nililia, nawaambia ukweli. Niliona mambo yote kwa mpigo. Wafula hakuwa amewahi kupata nafasi ya kujua kinachotokea kikombe kikijaa. Alikuwa ameifunika hofu yake kwa trei ya mikono miwili, kwa vikombe nusu, kwa meza ndogo, na kila aliponusurika alidhani vifuniko vile ndivyo vilivyomwokoa. Nami, kwa ukarimu wetu wa Kinoo, nikaongeza kifuniko kingine juu. Yale mazoezi ya trei nyumbani? Nilipomuuliza baadaye, kumbe alikuwa akijaza nusu. Angejaza vipi zaidi, na mwalimu wake ndiye aliyemwonyesha kipimo?

Wiki iliyofuata nilimwambia. Nilipanga maneno mazuri, lakini yalitoka ovyo. Nilimwambia nimekosa, kwamba nimekuwa nikimtilia nusu kwa sababu niliogopa kwa niaba yake, na nikamweleza hata swali la msimamizi wangu, nani alikwambia itamwagika.

Wafula alifunga daftari lake. Kisha akachukua kofia yake.

"Kumbe hata wewe uliona siwezi," alisema, akatoka.

Wiki iliyofuata kiti chake kilikaa kitupu saa nzima. Nilipiga simu yake, imezimwa. Nikampigia Nekesa.

"Ako tu," akasema. "Ameshikwa na hasira. Lakini madam, huyu mtu akikasirika anaosha vyombo. Ameosha mpaka za jirani."

Nilimweleza Bi Akinyi nikitarajia anifariji, naye akafanya hivyo kwa njia yake. "Mwezi uliopita hakuwa na nguvu za kukasirika," alisema. "Weka maji ya chai jikoni. Usimfuate." Ilikuwa wiki ndefu kuliko zote za kazi yangu. Niliomba kuliko kanisa la juu.

Zikiwa zimebaki siku saba, saa yake ilipofika, nilisikia hatua kwenye ngazi. Wafula aliingia amevaa shati jeupe na kizibao cheusi cha kazini, na kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akafungua. Ilikuwa trei.

Hakunisalimia. Aliweka trei mezani, akapanga juu yake vikombe vyangu vyote vinne, akasema neno moja.

"Jaza."

Nilijaza hadi ukingoni. Kabla hajainua nilimwomba aandike kwenye daftari anachoamini kitatokea. Aliandika: *Nitamwaga yote. Watu watanicheka. Nitazirai.* Akainua trei kwa mkono mmoja, juu ya bega, kama wanavyofundishwa, akatoka mlangoni, akaanza kushuka ngazi. Nilimfuata nyuma nikijizuia kusema "polepole."

Sasa sikieni. Tulikuwa tumesahau saa. Maombi ya mchana yalikuwa yamekwisha, na kanisa zima la orofa ya tano likaanza kuteremka. Wafula alikuwa katikati ya ngazi, ameshikilia vikombe vinne vilivyojaa, na umati unamjia kutoka juu. Mkono ulianza. Niliona trei ikitikisika, nikaona chai ikimwagika kwenye trei na matone yakimdondokea kizibaoni. Aligeuka kunitazama. Sikushika trei. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kutofanya.

Mama mmoja mwenye kilemba cheupe akafika pale alipo, akaona chai, akanyoosha mkono, akachukua kikombe.

"Asante baba, Mungu akubariki," akasema. "Kanisa limeanza kutukumbuka!"

Wa nyuma yake akachukua cha pili. Vikombe vyote vinne vikaenda. Waliobaki wakauliza kama kuna nyingine, na Wafula, Mungu amjalie, akasema, "Subirini kidogo, mabibi na mabwana," akakusanya vikombe vitupu, akapanda kuja kujaza. Alishuka na kupanda mara tatu. Washirika walikunywa chai yangu yote pamoja na sukari ya wiki mbili, na hakuna hata mmoja aliyeitazama mikono yake. Walikuwa wakitazama vikombe.

Tuliporudi ndani alikaa, akavuta daftari. Alisoma alichoandika, akachukua kalamu.

"Nimemwaga," alisema.

"Nimeona."

"Lakini si yote. Na sijazirai."

"Hilo pia nimeona."

"Madam," akasema, "hao watu hawakuwa wananiangalia *kabisa*." Alionekana karibu amekasirika, kama mtu aliyegundua ametembea mbali bure.

Siku mbili baadaye tulienda Kenyatta Market, kwenye kibanda cha nyama choma, ili amwage makusudi. Ndiyo, makusudi. Alitaka kujua kuhusu kile kicheko alichokuwa ameandika. Nikamwambia nitaanza mimi, maana siwezi kumtuma mtu mahali nisipoenda, nikajimwagia supu kwenye rinda langu la Jumapili. Kisha yeye akaangusha bakuli zima mezani. Kwenye daftari alikuwa ameandika kwamba ataitwa mlevi. Mwenye kibanda alikuja na kitambaa, akafuta, akasema, "Pole. Hii meza iko na mguu mfupi, kila mtu humwaga. Nikuongeze supu?" Tulicheka mpaka watu wa meza ya pili wakacheka bila kujua sababu. Lile rinda halikutakata tena, na bado ninalo.

Jumatatu alirudi ukumbini. Sikwenda kumtazama, hiyo haikuwa haki yangu. Alikuja wiki iliyofuata kuniaga, ameketi kwenye kiti chote, si pembeni.

"Meza ya tatu ilitetemeka," alisema. "Nikaacha itetemeke, nikaendelea kumimina. Ilichoka yenyewe."

Hayo, Mercy, ndiyo niliyojionea. Nimesoma vitabu pia, na vina maneno mazuri kwa kila hatua ya hayo. Lakini kila mteja wa hofu aliyekuja baada ya Wafula nilimtazama nikijiuliza nusu yake ya kikombe iko wapi. Mmoja alikuwa nayo kwenye mume aliyemsindikiza hadi dukani. Mwingine alikuwa nayo kwenye chupa ya maji ambayo hakuiacha hata kanisani. Na kila mara nilijiuliza pia kama si mimi ninayemtilia. Deni langu kwa Bi Akinyi ni hilo swali. Alitutoka miaka michache iliyopita, na kwenye mazishi yake nilisimama niseme jambo nikashindwa, kwa hiyo nalisema hapa: asante, mwalimu wangu. Ulinionyesha.

Sasa mwandiko. Miaka miwili iliyopita mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari aliupima, akasema si ugonjwa wa kuua, ni mkono tu umeamua. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, na nikaanza. Nilianza kunywa chai peke yangu ofisini, mlango umefungwa. Mliponiona nikikataa chai mikutanoni mlidhani ni ugonjwa wa sukari, nami nikawaacha mdhani hivyo. Kanisani kwetu Kinoo, baada ya ibada, nilikuwa natoka kabla birika halijapita. Mkinitembelea nilikuwa najitilia nusu. Hata barua ya kustaafu niliiandika mwaka mmoja kabla ya wakati, nikasema ni mgongo. Haukuwa mgongo. Niliogopa kwamba siku moja nitamsogezea mteja kikombe, kikombe kilie kwenye kisahani, na mteja aone. Miaka yote hiyo ya kazi, na sikuiona nusu yangu mwenyewe. Kinyozi hajinyoi.

Kisha nyinyi, kwa wema wenu, mkaniandalia karamu ya kuniaga, na katika hoteli zote za jiji hili mkachagua ile ya Wafula. Nilipoona jina kwenye kadi nilitaka kusema mgongo umezidi. Nikaja hata hivyo. Alikuwa ukumbini, nywele zimeanza mvi, ndiye sasa anayewaongoza wahudumu wengine. Aliniona. Hakuonyesha hata kwa ukope kwamba ananijua. Alikuwa ananitunzia siri, kama nilivyomtunzia yake miaka yote.

Alipofika nyuma ya kiti changu na birika, nilisema kwa sauti ya chini, "Nusu tu, tafadhali."

Wafula aliinama kama wanavyoinama kwa mgeni yeyote. "Nani alikwambia itamwagika, madam?" aliuliza, kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu. Akajaza hadi ukingoni, akaenda meza nyingine.

Mengine mliyaona. Mlisema nisimame nihutubu, mkainua vikombe vyenu, nami nikainua changu, kikatetemeka, kikamwagikia kitambaa cheupe na mkono wa gauni langu. Mercy alikimbia na karatasi za shashi, na mmoja wenu akasema yule weita amejaza vibaya, aitwe asemeshwe. Nikawaambia niacheni. Nikanywa iliyobaki, mbele yenu wote, mkono ukitetemeka unavyotaka, nikaendelea kuongea. Hotuba haikuwa nzuri sana. Lakini niliimaliza, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miaka miwili.

Nilipoketi, Wafula alikuja tena na birika lake, akasimama kando yangu kama anavyosimama kando ya mtu yeyote.

"Niongeze?" aliuliza.

"Jaza," nikamwambia.